Kilio Kilichonaswa

Vita vilipoanza, Nura alikuwa mtoto wa kufungwa vifungo vya mgongoni. Mwaka ule wa 2004 alikuwa binti wa miaka kumi na saba, na katika muda wote huo hakuwahi kuzika mtu wa kwao. Wengine wangeshukuru. Yeye jambo hilo lilimtia haya. Darasani walikuwapo wasichana waliopoteza baba, kaka, nyumba nzima. Mwalimu akisoma habari yenye kifo, wao waliinamisha vichwa kwa namna moja, kama watu wanaojua wimbo mmoja. Nura aliinamisha cha kwake kwa kuwaiga. Vita alivyovijua yeye ni mlango wa chuma wa duka la vitambaa la baba yake, Moosa, ukishushwa mapema kuliko kawaida; ni binamu zake waliopelekwa Maskati mmoja baada ya mwingine; ni milio ya vilimani ambayo watu wa nyumbani kwao waliisikiliza, wakakadiria umbali, kisha wakaendelea kula.

Pengine ndiyo sababu alitamani kusimulia. Aliyekosa jeraha hulipapasa la mwenzake.

Ami yake Talal, mdogo wa baba, alikuwa mpiga picha za harusi. Alikuwa na kamera nzuri ya kaseti na majivuno ya mwenye kamera nzuri. Chama kimoja cha vijana kilipotangaza shindano la filamu fupi, Nura alimganda ami yake mpaka akakubali. Hadithi aliiandika mwenyewe. Kijana asiyejulikana anakamatwa na mvua mtaani, siku ambazo hakuna anayemfungulia mgeni, anabisha mlango, msichana wa nyumba ile anamfungulia. Wanakaa chumba kimoja mpaka mvua ikatike, na katika kungoja kule kila mmoja anagundua kuwa mwenzake amebeba mzigo usioonekana. Kijana angekuwa Méthode, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekaa mtaa wa Gihosha kwa shangazi yake na ambaye alimwazima Nura vitabu. Sebule ya shangazi huyo ndiyo ingekuwa nyumba ya filamu. Msichana ndiye alikuwa bado hajapatikana.

Walimpata ndani ya kaseti ya harusi. Talal alikuwa akiwaonyesha picha za harusi fulani ya mtaa wa Buyenzi, na nyuma ya bibi harusi alisimama binti aliyekuwa akimmalizia nywele. Hakutazama kamera hata mara moja. Lakini uso wake ulikuwa na utulivu ambao mtu hawezi kuuacha ukapita hivihivi.

"Rudisha nyuma, ami," Nura alisema. "Huyo ni nani?"

Alikuwa Sijaona, msusi wa miaka kumi na tisa. Alikaa Carama na mama yake, Mwanvua, aliyelima lengalenga, mboga za majani, pembezoni mwa mtaa na kuziuza. Kwao hasa ilikuwa mtaa wa Kamenge, lakini tangu mwaka 1995, watu wa Kamenge walipofukuzwa makwao, hawakurudi. Baba yake, fundi wa magari, alikufa mwaka ule. Hayo Nura aliambiwa siku ya kwanza, kwa maneno machache, kama mtu anavyotaja kijiji alikotoka.

Sijaona alikubali kuigiza kwa sababu Nura alimwomba kwa upole, na kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe akicheka, "Mi sijawahi kuombwa kitu kisichokuwa kichwa cha kusuka." Wakapatana upesi. Baada ya mazoezi walikuwa wakishuka pamoja kutoka Gihosha, Sijaona akimsimulia vituko vya maharusi wanaozimia kwa njaa, Nura akicheka mpaka anashika ukuta. Nura hakuwa na dada. Alianza kumwita *da* Sija, na Sijaona akaitikia.

Ila kulikuwa na tatizo moja. Msichana wa filamu alitakiwa asikie mlango ukibishwa, afungue, aseme: "Karibu ndani, usilowe." Basi. Sijaona hakuweza. Maneno mengine yote aliyasema vizuri kuliko walivyotegemea. Lile moja alilimeza. Mara alifungua mlango kabla Méthode hajabisha. Mara aliufungua akatikisa kichwa tu, kimya. Mara alisema "ingia", na Nura alipomkumbusha, alisema amesahau.

"Tubadili tu hilo neno," Méthode alishauri. "Ingia, karibu, si ni yaleyale?"

"Si yaleyale," Nura alijibu. "Filamu nzima imekaa juu ya neno hilo."

Jumapili moja akaenda Carama. Alimkuta Sijaona shambani, ameinama kati ya matuta, na mama yake amepeleka fungu la kwanza sokoni. Nura alikunja sketi akaanza kuchuma naye. Hakujua kuchuma, aling'oa mpaka mizizi, Sijaona akamcheka, akamwonyesha. Walipochoka walikaa kwenye ukingo wa mfereji, miguu majini, na hapo Nura akauliza alichojia.

"Da Sija, kwa nini hutaki kusema *karibu*?"

Sijaona aliendelea kufunga majani kwa ukambaa. Nura alidhani hakusikia.

"Ukiniambia, haitatoka hapa," akaongeza.

"Mama hajui," Sijaona alisema hatimaye. "We ukijua, utakuwa wa kwanza."

"Wallahi sitamwambia mtu."

Basi Sijaona akamwambia, macho yakiwa kwenye majani yake. Alikuwa na miaka kumi. Mama yake alikuwa amekwenda Buyenzi kwenye msiba na njia zikafungwa, hakuweza kurudi. Baba yake, Uthmani, alikuwa amejificha nyuma ya madebe ya maji, chumba cha ndani, kwa maana asubuhi ile watu wenye silaha walikuwa wakichukua wanaume. Alimwambia binti yake asifungue. Lakini waliokuja hawakuvunja mlango.

"Walipiga hodi," alisema Sijaona. "Vizuri kabisa, kama wageni. Mi nilizoea, mutu akipiga hodi unaitika. Mama alikuwa ananichapa nisipoitika. Nikafungua. Mumoja akainama, akacheka na mi, akasema: *Mutoto, baba yuko?* Nikasema: *Yuko. Karibuni.*"

Maji ya mfereji yalipita katikati ya vidole vyao.

"Baba akatoka mwenyewe. Nadhani hakutaka waingie ndani wanipite. Akaniambia niende kwa jirani, nikalete makaa. Makaa, na moto ulikuwa unawaka pale! Nikaenda. Nikasikia mlio ningali njiani." Akakaza fundo. "Mama aliporudi nilimwambia walivunja mlango. Mpaka leo anajua walivunja mlango."

Nura alilia. Alimkumbatia, akasema maneno yote ambayo mtu husema, na kila moja alilisema kwa moyo. Lakini njiani kurudi nyumbani, chini ya huruma ile, kulikuwa na kitu kingine kilichomchangamsha miguu. Alijaribu kukipuuza. Ilikuwa ni furaha. Sasa alikuwa nalo jeraha. Sasa naye alijua kitu cha vita ambacho hakuna mwingine aliyekijua.

Siku ya kupiga picha ile sehemu ya mlango, mvua ilikuja yenyewe, nzito, ya mwezi wa nne. Talal alisema ni baraka. Walirudia mara kadhaa, na kila mara Sijaona alifungua mlango kwa uso uliofungwa. Nura alitazama kwenye kioo kidogo cha kamera, akaona filamu yake inakufa. Akatoka barazani, kwa Méthode aliyelowa chapachapa.

"Bisha polepole," akamnong'oneza. "Piga hodi. Akifungua, inama kidogo, tabasamu, umwambie: *Mutoto, baba yuko?*"

"Hiyo haimo kwenye hadithi."

"Sema tu. Nataka kuona uso wake."

Méthode alimtazama. "Nura, huyu dada ana nini?"

"Hana kitu. Sema tu."

Akarudi ndani, akamwambia ami yake asizime kamera, liwe liwalo.

Hodi ikapigwa, polepole, kistaarabu. Nura aliona mabega ya Sijaona yakipanda. Mlango ukafunguka. Méthode aliinama, akatabasamu, akasema alichoambiwa.

Sijaona hakupiga kelele mara moja. Kwanza alijibu. Alijibu kwa sauti nyembamba ambayo haikuwa yake, sauti ya mtoto aliyelelewa vizuri: "Yuko. Karibuni." Kisha akageuka kutazama chumba cha ndani, kana kwamba mtu angetoka. Alichuchumaa, mikono masikioni, na kilio kikamtoka, kirefu, cha chini, mfano wa mnyama aliyebanwa. Maji yakatandaa sakafuni chini yake, wala hayakuwa ya mvua.

Talal aliganda na kamera begani. Méthode alirudi nyuma akajigonga kwenye nguzo. Na Nura? Nura alikuwa akitazama kile kioo kidogo, ambamo uso wa Sijaona ulikuwa umejaa sawasawa, na akawaza: *tumeupata.* Alikaa na wazo hilo kwa pumzi kadhaa. Ndipo akaliacha, akakimbilia mlangoni, akasema, "Da Sija, da Sija, basi, imekwisha."

Sijaona alimwinulia macho. Alimtazama yeye, kisha Méthode, kisha yeye tena, na Nura akaona jinsi anavyoelewa, kidogo kidogo. Aliinuka, akapita kwa mlango wa uani bila viatu, akaingia mvuani.

"Umefanya nini, Nura?" Méthode aliuliza.

"Ameigiza tu," alisema Nura. Hata yeye alisikia jinsi maneno yale yalivyo mabovu.

Lakini Talal, ambaye maisha yake yote alipiga picha za watu wakila keki, aliyaamini. "Mashallah," alisema akitingisha kichwa. "Msichana ana kipaji."

Yaliyofuata ndiyo Nura aliyajutia zaidi, kwa sababu hayakufanyika kwa pupa. Kosa la mlangoni lilikuwa la dakika. Haya yalikuwa ya siku nyingi, na kila siku ilikuwa na nafasi ya kusema la. Viatu vya Sijaona alivifunga kwenye mfuko akaviweka chini ya kitanda, akajiambia atavipeleka kesho. Alikaa na ami yake wakiunganisha picha. Aliutazama uso ule mara nyingi, akachagua ukatwe wapi. Talal aliipeleka kaseti kwenye shindano, na msimamizi wa shindano hilo, bwana mmoja aliyeitwa Birindwa, akatuma sifa: hajaona kitu kama hicho, filamu itaonyeshwa ukumbini mbele ya watu, wazazi wa waigizaji waalikwe. Nyumbani kwa Moosa pakaletwa halua. Nura aliila, akainywea maji.

Kisha Mwanvua akaja dukani.

Aliingia na kikapu chake cha lengalenga kichwani, akakitua sakafuni katikati ya majora ya vitambaa, wala hakusalimu. Moosa na Talal walikuwa wamesimama nyuma ya meza. Nura alikuwa akikunja kitenge.

"Mi ni mama ya Sijaona," alisema. "Mutoto wangu alitoka kwenu bila viatu. Toka siku ile hasemi. Hali. Kichwa cha mutu hawezi kushika, mikono inatetemeka. Nimekuja kuuliza kitu kimoja tu." Akamgeukia Talal. "Ni nani kati yenu kamugusa?"

Talal alifungua mdomo, ukabaki wazi. Na Nura akaona jambo ambalo hakulitarajia kabisa: baba yake, mtu wa swala tano, aligeuza shingo polepole akamtazama ndugu yake wa tumbo moja, na katika kutazama kule mlikuwa na swali.

"Wallahi, kaka," Talal alisema, sauti imekauka. "Wallahi sikumsogelea."

"Basi yule mwanafunzi!" Mwanvua alipaza sauti. "Nitamutafuta!"

"Hakuna aliyemgusa, mama," alisema Nura.

Wote wakamgeukia. Kitenge kilikuwa bado mikononi mwake na hakujua akiweke wapi.

"Ni mimi. Aliniamini kwa jambo lake, akaniambia. Mimi nikalichezea mbele ya watu, ili filamu iwe nzuri. Ami hakujua. Méthode hakujua. Ni mimi peke yangu."

"Jambo gani?"

Jibu lilikuwa pale ulimini. Angelisema, Mwanvua angemwacha. Hasira yake ingepata pengine pa kwenda. Angelisema, yeye Nura angeonekana msichana mjinga tu aliyekosea katika jambo zito kuliko umri wake.

"Siwezi kusema, mama."

"Mi nimemuzaa, we unaniambia huwezi?"

"Niliapa. Nimekwisha kuvunja kiapo mara moja. Nikikivunja tena kwako, nitakuwa nimemmaliza."

Mwanvua alimsogelea mpaka Nura akasikia harufu ya udongo nguoni mwake. "Nilimuvusha mutoto huyu vita yote," alisema taratibu. "Njaa nikamuvusha. Kipindupindu nikamuvusha. Sasa amani inataka kuja, ndiyo we umenivunjia." Akajitwika kikapu chake akatoka. Moosa hakumkemea binti yake wala hakumpiga. Aliingia ndani, akaketi kwenye mkeka wa kuswalia ilhali haukuwa wakati wa swala. Na hilo lilimchoma Nura kuliko kofi.

Siku iyo hiyo alimtafuta Méthode, akamweleza jinsi alivyomtumia, bila kumweleza siri. Méthode alikuwa amekonda. "Mimi ndiye niliyetabasamu," alisema. "Nimekuwa nikijiuliza nilitabasamu kwa niaba ya nani." Wakaenda pamoja kwa Birindwa kuidai kaseti.

Birindwa hakuelewa. "Mabango yamekwisha bandikwa," alisema. "Na filamu hii itawasaidia watu kulia. Mji huu una watu wengi waliosahau kulia."

"Yule dada hakuwa anaigiza," alisema Nura. "Hakukubali kupigwa picha analia. Nilimwibia."

Birindwa aliitoa kaseti kabatini, akaisukuma mezani kwa ncha za vidole kama kitu kilichooza. "Hutakuja kutengeneza filamu wewe," akasema. "Filamu zote ni wizi." Kwa muda mrefu baadaye Nura hakujua kama bwana yule alisema kweli au la.

Talal alipopata habari kuwa Nura amezichukua kaseti zote, ile ya shindano na zile za awali zilizokuwa ndani ya sanduku lake, hakumsemesha mpaka Ramadhani.

Huko Carama, Sijaona alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba, kitambaa kichwani, amedhoofu. Mama yake alimwona Nura akija, akasimama mlangoni kwa muda, kisha akajitenga kuelekea shambani, lakini si mbali. Nura alivipanga viatu chini, na juu yake mfuko wa kaseti.

"Ziko zote," alisema. "Hakuna nyingine."

Sijaona aliutazama mfuko. Sauti yake ilitoka kwa shida, kama bawaba isiyotumika. "Mama anasema ulikataa kumwambia."

"Ndiyo."

"We uliziangalia hizi? Baada ya pale?"

Nura angeweza kudanganya. Alitaka sana kudanganya. "Niliziangalia."

"Mara moja?"

"Mara nyingi."

"Ulikuwa unalia ukiangalia?"

"Mara ya kwanza nililia," alisema Nura. "Baadaye nilikuwa natafuta mahali pa kukata."

Sijaona alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa jibu alilokwisha kulijua. "Wale watu," alisema, "mi sikuwajua. Walikuja tu, wageni, wakafanya yao, wakaenda. We nilikuonyesha hata kuchuma lengalenga." Akachukua ule mfuko akaupakata. Hakuzivunja kaseti, wala hakuzitupa. "Nenda sasa, Nura."

Nura akaenda. Jina lake halikuwahi kumwuma vile.

Mvua zilikwisha, kiangazi kikaja na vumbi lake. Mwezi wa nane mji ukapata msiba mwingine mkubwa, wa mauaji huko karibu na mpaka, na milango ya maduka ikashushwa tena mapema. Safari hii Nura hakukadiria umbali wa milio. Aliacha kula, akainuka mezani.

Mvua za mwanzo za mwezi wa kumi zilipoanguka, Mwanvua alirudi dukani. Nura alikuwa peke yake. Mama yule alichagua kitambaa cha rangi ya majani, akakishika kwenye mwanga, akauliza kama kinachuja. Nura akasema hakichuji. Nura alipokuwa akikikata, Mwanvua alisema, bila kumtazama:

"Aliniambia."

Mkasi ukasimama.

"Alikuwa mutoto wa miaka kumi," Mwanvua aliendelea. "Nilimwambia, hata ungenyamaza, wangeingia. Hata ungesema hayuko, wangeingia. Hataki kuamini. Labda ataamini nikizeeka. Tulilia siku tatu, mi na yeye, majirani wakafikiri tumefiwa. Na kweli, tulikuwa tumefiwa; yeye alikuwa hajalia." Akakunja kitambaa chake. "Sasa anakula. Vichwa ameanza kushika, kimoja kimoja."

Kitu kilimlegea Nura kifuani, na Mwanvua lazima alikiona, kwa maana alimkazia macho.

"Usifikiri ulimusaidia," alisema. "Nimeona uso wako. Usije hata siku moja ukajiambia ulimusaidia. Angeniambia kwa siku yake, kwa mudomo wake, akiwa tayari. We ulimunyang'anya siku hiyo."

"Ndiyo, mama," alisema Nura. Machozi yalimtoka, akayaacha yashuke bila kuyafuta. "Naweza kumtumia salamu?"

Mwanvua alifikiri, kitambaa kikiwa kwapani. "Salamu si mzigo, nitazifikisha," alisema. "Akitaka kujibu, atajibu."

Akatoka, akainua kitenge chake kukwepa madimbwi, akapotea kwenye watu wa barabara ya soko. Nura alirudisha jora mahali pake. Jibu halikuja wiki ile. Mwezi wa Ramadhani ulipoandama hakuwa amelipata, na Idi ilipofika, alituma salamu nyingine.